Usaili wa Mhasibu na Aya ya Deni

 

Ndugu zangu katika imani, kila mwisho wa mwaka wa masomo wenzetu wa kitivo cha uchumi hunijia na ombi moja: "Ustadh, niombee dua, nina usaili wa kazi ya uhasibu." Wengi ni watoto wa mwambao, kutoka Rumonge na Nyanza-Lac, wa nyumba zilizosomesha kwa mawese na ndagala. Dua naomba. Lakini nikiuliza maandalizi yamefika wapi, naambiwa shati limepigwa pasi na vyeti vimetolewa fotokopi. Tuzungumze basi juu ya yaliyobaki.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani haielezi pepo wala moto. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, na inahusu kuandika deni. Humo Allah anaamrisha deni la muda liandikwe, aliandike mwandishi kwa uadilifu, wala asikatae kuandika, kwa kuwa elimu hiyo kafundishwa na Mola wake. Anayedaiwa ndiye anayetamka maneno, asipunguze kitu. Wawepo mashahidi. Tusichoke kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Na tena, jambo ambalo wengi hulipita, mwandishi mwenyewe asidhuriwe. Anayeomba kazi ya uhasibu anaomba kukaa katika kiti cha mwandishi huyo. Ajue kimewekewa masharti kabla ya tangazo la kazi kubandikwa.

Wapo wanaoogopa kujieleza mbele ya wasaili kwa kudhani ni kujisifu. Wanakumbuka Mtume (s.a.w.) alivyomkataza Abdurrahman bin Samura kuomba uongozi. Ni kweli. Lakini Nabii Yusuf (a.s.) alimwomba mfalme amweke juu ya hazina za nchi, akataja sifa mbili tu: kwamba yeye ni mwenye kuhifadhi na ni mjuzi. Hakutaja uzuri wake, wala kwamba baba yake, babu yake na baba wa babu yake wote ni Mitume. Wanavyuoni wameeleza kuwa anayejua ana uwezo, na watu wana haja na uwezo huo, anaruhusiwa kuusema. Sema unachokijua, usiongeze. Mazoezi ya kazi ya wiki mbili yasigeuke miezi sita kwenye karatasi. Programu ya hesabu usiyoijua, sema huijui na uko tayari kujifunza. Msaili mzoefu atakugundua kwa swali la pili, na hata asipogundua, umeanza kazi ya kuandika ukweli kwa kuandika uongo.

Sasa ile sifa ya ujuzi. Tuchukue mfano wa kwetu. Tuseme mfanyabiashara kanunua bidoni 10 za mawese kwa faranga 60,000 kila moja, baadaye bei ikapanda, akanunua 10 nyingine kwa 90,000. Kauza bidoni 12 kwa 100,000. Faida ni ngapi? Ukihesabu kwamba iliyotangulia kuingia ndiyo inayotangulia kutoka, gharama ni 780,000 na faida ni 420,000. Ukitumia wastani wa 75,000, gharama ni 900,000 na faida ni 300,000. Mafuta ni yale yale, wanunuzi ni wale wale, na tofauti ni faranga 120,000. Njia zote mbili zinakubalika. Kinachokatazwa ni kuhamahama: njia hii mwaka wa kumwonyesha mshirika kuwa faida ni ndogo, njia ile mwaka wa kwenda kukopa. Kama biashara hiyo ni ya mudharaba, mmoja katoa mtaji na mwingine kazi, hizo 120,000 ni haki ya mtu. Msaili anaweza kukuuliza utafanyaje tajiri akikuamuru ubadilishe. Jibu hilo uwe nalo kabla hujaingia mlangoni.

La kodi ni fupi. Bei ya 118,000 yenye TVA ya asilimia 18 ndani yake ina kodi ya 18,000, si 21,240. Wanafunzi wengi huzidisha badala ya kugawanya. Na fedha hiyo si ya mwenye duka, imepita mkononi mwake tu.

Likaja swali la zawadi, muuzaji akikuletea mukeke wawili nyumbani usiku wa kuamkia siku ya malipo yake, mkumbuke Ibn al-Lutbiyya. Alirudi kutoka kukusanya zaka akasema hii yenu, na hii nimepewa zawadi. Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari akauliza kwa nini hakukaa nyumbani kwa wazazi wake aone kama zawadi ingemfuata.

Zito zaidi ni riba. Katika hadithi ya Jabir aliyoipokea Muslim, Mtume (s.a.w.) amemlaani mlaji wa riba, mtoaji wake, mwandishi wake na mashahidi wake wawili. Mwandishi katajwa waziwazi. Najua kazi ni chache na nyumbani wanasubiri. Mimi sitoi fatwa katika gazeti. Ila uliza taasisi inafanya nini, na nafasi yako itakuwa kuandika kitu gani, kisha mwendee sheikh wako kabla ya usaili. Anayekwenda baada ya mshahara wa kwanza huwa anatafuta jibu alilokwisha kulichagua.

Kuna pia yule mtu wa kati anayesema nafasi ipo, toa mshahara wa mwezi mmoja. Mtoa rushwa na mpokeaji wamelaaniwa wote wawili. Wengine hujitetea kwamba wapo wanavyuoni walioruhusu kutoa ili mtu akomboe haki yake iliyozuiwa kwa dhulma. Nafasi inayoshindaniwa bado si haki yako. Huenda ni ya mtoto wa mvuvi wa Kigwena aliyekushinda kwa alama na hana cha kutoa. Na aliyekuingiza kwa fedha anaijua bei yako, siku akitaka hati ya malipo hewa atakuja kwako.

Mwisho, ulimi. Sisi wa mwambao tunafikiri kwa Kiswahili na Kirundi, na tunasailiwa kwa Kifaransa. Musa (a.s.) alipotumwa kwa Firauni aliomba akunjuliwe kifua na afunguliwe fundo la ulimi. Dua hiyo mnaijua nyote. Lakini hakuishia hapo, aliomba pia ndugu yake Harun, aliyekuwa fasaha kuliko yeye. Tafuta Harun wako hapa bwenini. Usiku mmoja kabla, baada ya Isha, akae kwenye kiti kama msaili, akuulize lile swali la mawese kwa Kifaransa, nawe umjibu bila karatasi.