Je, Shujaa ni Mtu Mwema?

Wako watu wadhanio kwamba tendi za kale zilitungwa kwa ajili ya kuwasifu mashujaa tu, na kwamba yeyote aliyesifiwa humo ndiye mtu wa kuigwa katika kila jambo. Ndugu msomaji, ukiutazama utenzi wa Wayunani uitwao Iliad, utaona kwamba sivyo. Utenzi huo, ambao tangu kale husemwa kuwa ni wa Homer, ulitungwa yapata karne ya 8 kabla ya kuzaliwa Masihi. Una mistari zaidi ya 15,000, na neno lake la kwanza kabisa maana yake ni ghadhabu. Basi mtunzi hakuanza kwa kumsifu shujaa wake Achilles, bali alianza kwa kutaja ugonjwa wake.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika mwaka wa 10 wa vita vya Troy, Agamemnon, mkuu wa majeshi ya Wayunani, alimnyang'anya Achilles mwanamke aitwaye Briseis, ambaye jeshi lilikuwa limempa Achilles kuwa tuzo ya heshima. Hapana shaka Agamemnon alidhulumu. Lakini Briseis naye alikuwa mateka, na aliyemwua mumewe ni Achilles mwenyewe! Wakuu wawili waligombania heshima zao, na wala hakuna aliyeuliza heshima ya mwanamke yule i wapi.

Achilles akajitenga na vita. Tena akaomba Wayunani wenzake washindwe, ili wapate kuijua thamani yake. Wajumbe wakamwendea na ahadi ya kurudishiwa Briseis pamoja na mali nyingi, naye akakataa. Watu wake wakaendelea kufa, hata rafiki yake mpenzi, Patroclus, akaenda vitani amevaa silaha za Achilles, akauawa na Hector wa Troy. Hapo ndipo Achilles alipotamani kwamba ugomvi na hasira vitoweke duniani. Walakini hasira yake haikutoweka, ila iligeukia upande mwingine. Alimwua kijana Lycaon aliyekuwa akimsihi kwa magoti. Aliwachinja vijana 12 mateka penye moto wa maziko ya Patroclus. Naye Hector alipokwisha kumwua, aliifunga maiti nyuma ya gari lake la vita akaiburura mavumbini.

Je, huyu ndiye shujaa? Mwanafalsafa Plato, katika kitabu chake juu ya dola iliyo njema, alichukizwa na visa hivi. Alisema haifai kusadiki kwamba Achilles aliburura maiti na kuchinja mateka, wala vijana wasisimuliwe habari hizo, kwani mtu mbaya atapata udhuru kwa kusema, "Hata wakubwa walifanya." Hoja hii si ya kudharauliwa. Ni wangapi hata leo wanaotetea maovu yao kwa kutaja jina la mtu mashuhuri?

Lakini yafaa tujiulize: je, dawa yake ni kuficha? Mwenye kuficha aibu ya shujaa humfundisha kijana kwamba nguvu na wema ni kitu kimoja. Mtunzi wa Iliad hafichi, wala haiiti aibu kuwa ni fahari. Hata adui Hector amemwonyesha kuwa baba ambaye mtoto wake mchanga aliiogopa kofia yake ya vita, naye akaivua, akacheka na kumbusu. Msomaji akiisha kuona hayo, hawezi tena kushangilia maiti ile ikiburuzwa.

Sasa tazama mwisho. Mfalme Priam, mzee, baba yake Hector, alikwenda usiku mpaka hemani kwa Achilles, akaibusu mikono iliyowaua wanawe, akamwomba amkumbuke baba yake mwenyewe. Wakalia wote wawili, kila mmoja akimlilia wake. Hata hivyo Achilles hakugeuka malaika. Mzee alipohimiza apewe mwili upesi, hasira ikaanza kupanda tena, akamwonya asimchokoze. Kisha akaamuru maiti ioshwe mahali asipoiona Priam. Kwa nini? Alihofu kwamba baba akimwona mwanawe atashindwa kujizuia, na yeye Achilles naye atashindwa kujizuia amwue. Ndipo akaunyanyua mwili wa adui yake kwa mikono yake mwenyewe akaulaza juu ya jeneza, na akatoa siku 11 za kusimamisha vita ili Hector aombolezwe na kuzikwa. Utenzi unakwisha kwa maziko hayo, wala si kwa kutekwa kwa Troy.

Kwa maoni yetu, ushujaa mkubwa wa Achilles haukuwa uwanjani. Uwanjani alimshinda Hector. Hemani, kwa saa chache, aliishinda nafsi yake. Alifanya hivyo kwa kuwa aliujua udhaifu wake na kuuwekea kizuizi kabla haujamtawala.

Basi, ndugu msomaji, tunapowapima watu wakubwa, ukubwa wao usitufanye tuite uovu wao kuwa wema, wala uovu wao usitufanye tukane wema waliotenda. Na tunapojipima sisi wenyewe, tuanze kwa swali hili: ni jambo gani linaloniwashia hasira, na nimeliwekea kizuizi gani?