Mbao Iliyokwisha Kulia

Masomo: Kutoka 25:10–11, 2 Samueli 24:18–25, Marko 6:1–3



Meza ya Bwana tuliyoinunua miaka minne iliyopita imepasuka. Wengi mmeuona ufa: umeanzia upande wa kikombe, ukakata hadi katikati, na ubao wa pembeni umeinuka hata kitambaa hakilali tena. Ilikuwa paini safi yenye vanishi ya kung'aa, na tuliipigia vigelegele siku ilipoingia. Kasoro yake ni kwamba iliundwa ikiwa bado mbichi. Mti uliokatwa juzi una maji ndani, na jua letu la Septemba halina subira. Huyavuta maji hayo kwa nguvu, na mbao hujikunja hata kama fundi alikuwa hodari.

Wazee wa kanisa wakanituma kwa fundi mwenye karakana ya mabati kando ya barabara iendayo Mwanza. Nilikwenda na hesabu ya mbao mpya. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunua turubai. Chini yake kulikuwa na mlango wa mninga uliotolewa kwenye nyumba iliyobomolewa, fremu mbili za madirisha, mapaleti, na mabenchi yetu matatu, yaleyale tuliyoyatoa kanisani tukasema yamechoka.

"Baba Mchungaji," akaniambia huku akiugonga ule mlango kwa kidole, "mbao hii imeshalia machozi yake yote. Haitakusumbua tena."

Nimelala na kuamka na neno hilo. Kabla sijalifungua, niwaambie nilichokiona pale karakanani, maana nimekaa siku mbili nikitazama.

Msumari wa zamani hauvutwi kwa hasira. Ukiuvuta kwa pupa, kichwa kinakatika na mwili unabaki ndani, na hapo kazi imekuwa mara mbili. Fundi anaupiga kwanza kwa nyuma, taratibu, mpaka kichwa kichungulie. Anaweka kipande cha mti chini ya nyundo ili mninga usiumie, ndipo anauinua kidogo, anapumzika, anauinua tena. Akimaliza anapitisha sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, inchi kwa inchi, akitafuta msumari uliojificha. Msumari mmoja tu uliosahauliwa unatosha kung'oa meno ya msumeno na kupasua ulimi wa randa. Randa ya kwanza ilitoa vumbi la kijivu na masalia ya rangi ya bluu. Ya pili ikatoa uchafu. Ya tatu ikafunua rangi ya asali iliyokolea, na mishipa ya mti inayokwenda kama maji ya mto. Sikujua kwamba nilikuwa nimeushika uzuri huo mkononi dakika kumi kabla, nikauona takataka.

Niliporudi na habari hii kwenye kikao, mama mmoja wa Umoja wa Wanawake akainuka. "Mchungaji, sisi tunavaa mitumba, watoto wanalalia mitumba. Na Mungu naye tumpe mtumba?"

Sikumjibu siku ile, maana swali lake lina Biblia nyuma yake. Nabii Malaki aliwakemea makuhani waliopeleka madhabahuni mnyama kipofu na kilema. Mfalme Daudi, Arauna alipotaka kumpa bure kiwanja cha kupuria pamoja na ng'ombe, alikataa kumtolea Mungu sadaka isiyomgharimu, akalipa shekeli 50 za fedha. Kwa hiyo mama yetu ana haki ya kuuliza. Kumpa Mungu kilichotushinda kukitumia ni dharau.

Lakini someni tena habari ile ya Arauna. Kuni alizotoa Arauna kwa sadaka zilikuwa vyombo vyake vya kupuria na nira za ng'ombe, mti uliokwisha fanya kazi shambani. Daudi hakuuliza umri wa mti. Aliuliza gharama. Na gharama nimeiona: meza ya paini mpya fundi aliihesabia siku tatu, hii ya mbao za zamani ameihesabia siku nane. Anayesema vya zamani ni rahisi hajawahi kung'oa misumari.

Hapo ndipo neno la fundi lilipoanza kunichoma. Sisi huona kuwa kumrudisha mtu ni huruma ya bei nafuu, na kumwondoa ndiyo msimamo. Kumbe kumwondoa mtu ni kazi ya kikao kimoja. Kumrejesha ni siku nane.

Mnajua namsema nani, na yeye amenipa ruhusa. Kijana wetu amerudi kutoka maduara ya uchimbaji ya Geita baada ya miaka sita, hana kitu, na nyumbani aliacha mke na madeni. Wapo waliotaka asiguse hata kiti cha kwaya. Fundi alimchukua kumsaidia. Kule shimoni alikuwa akipiga matimba, yale magogo yanayozuia udongo usiwafukie watu, na mchimba shimo hujifunza kusikiliza mti, kwa sababu mti hulia kabla ya kuvunjika. Nimemwona akiinua kila ubao sikioni, akiugonga, akisema huu mzima, huu umeliwa na mchwa ndani ingawa juu unapendeza. Madeni yake hayajafutika. Anayalipa. Matundu ya misumari nayo yatabaki kwenye meza. Fundi ataziba yale makubwa kwa gundi na unga wa mbao, madogo nimemwomba ayaache.

Si kila mbao huokolewa, na hapa naomba mnisikilize kwa makini zaidi. Sayanaidi inayotumika kuchenjua dhahabu mara nyingi husafirishwa kwenye makasha makubwa ya mbao. Makasha hayo ni mazuri kwa macho, mapya, manene, na mtu anaweza kushawishika kutengeneza kitanda cha mtoto au kabati la vyombo. Msithubutu. Hata kuni yasiwe. Yanapaswa kuharibiwa chini ya usimamizi wa mgodi. Paleti nayo igeuzeni mtazame muhuri uliochomwa ubavuni: HT maana yake ilitibiwa kwa joto; ikiwa na MB, ilifukizwa kwa gesi ya sumu ya methili bromaidi, iacheni. Na rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi. Ukiipiga msasa, funika pua, na watoto wakae mbali. Upendo huuliza mbao hii ilibeba nini. Kuuliza hivyo si kuhukumu; ni kumlinda atakayelala juu yake.

Sanduku la Agano Mungu aliagiza liundwe kwa mti wa mshita: urefu dhiraa mbili na nusu, upana na kimo dhiraa moja na nusu. Mshita ni wa jamii ya migunga, hii yenye miiba tunayoijua. Jangwani hapakuwa na mierezi ya Lebanoni, na Bwana hakuisubiri. Akachukua uliokuwepo. Sisi wa Shinyanga tuliufyeka mgunga mpaka nchi ikabaki uchi, na ilibidi mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) uanze mwaka 1986 ili turudie ngitili za wazee wetu, yale malisho yaliyotengwa, na miti irudi. Kila mlango wa zamani unaogeuka meza ni mti mmoja tunaouacha umesimama.

Nazareti walimshangaa Yesu kwa sababu walimjua kama seremala. Kazi ya fundi wa kijijini nusu yake ni kutengeneza upya, na sidhani kama mikono ile ilikuwa ikipokea mbao mpya kila asubuhi. Jembe lililovunjika mpini, kiti cha mjane, mlango uliolegea: ndivyo vinavyofika karakanani.

Nasi wa Maganzo tulipaswa kulijua hili kuliko wengine. Mjiolojia Williamson aliigundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, na tangu hapo wangapi kati yetu wamesomeshwa kwa kokoto zilizochekechwa mara ya pili, baada ya wengine kuzipita? Mkono wa mama ukitembea polepole juu ya chekeche, jicho halitoki. Tumelitumia jicho hilo kwa mawe miaka yote.

Jumamosi saa 3 asubuhi fundi atakuwa nyuma ya kanisa. Mabenchi mengine manne bado yana misumari. Njooni na koleo, na mwenye sumaku aje nayo. Yule mama wa Umoja wa Wanawake ameniambia ataleta uji, na kwamba anataka kung'oa msumari wa kwanza yeye mwenyewe.