WEWE ULIYEPIGWA, UNAMPIGA NANI?

Rafiki kijana, usikunje karatasi hii kwanza. Hebu tuzungumze.

Ninyi mliopitia shule za bweni mnalijua jambo hili. Mtoto anafika shuleni na sanduku lake jipya, godoro na blanketi. Kabla hajalala usiku wa kwanza ameshapewa jina: MONO! Anafua soksi za wakubwa. Mkate wake unaliwa huku akitazama. Usiku wa manane anaamshwa, anapewa kiatu, ati apige simu nyumbani. Bweni zima linacheka. Akikataa, ni mkanda.

Mwulize yule mkubwa kwa nini anafanya hivyo. Jibu ni lile lile: "Hata mimi nilifanyiwa."

Je, kweli hilo ni jibu? Aliyekutesa wewe alishamaliza shule, ameenda zake. Huyu unayempiga leo hakuwepo. Hata jina lako halijui! Unamdai nini? Unamdai deni mtu asiyekopa, na mwakani yeye naye atamdai mwingine. Ati ni desturi ya shule! Mimi nauita wizi wa kupokezana.

Wengine husema, "Basi dawa ya moto ni moto, tujikusanye tuwashughulikie." Ngoja kwanza, bwana. Mwaka 1999, katika shule ya Nyeri High, wanafunzi waliwachoma viranja wao kwa petroli usiku chumbani mwao. Vijana 4 walikufa. Malalamiko yao yawe yalikuwa gani, walioshika kiberiti walikuwa wameshakuwa wabaya kuliko yeyote waliyemlalamikia.

Lakini sikudanganyi kwamba ukikataa kwa amani hutaumia. Shuleni St. Kizito, kule Meru, wavulana waliitisha mgomo na wasichana wakakataa kuingia. Usiku wa 13 Julai 1991 wavulana wakavamia bweni walimokuwa wasichana hao. Wasichana 19 walikufa. Wengine 71 walibakwa. Sasa jiulize: wavulana wote wale walikuwa na moyo mmoja? Hakuna aliyejua ni vibaya, akafuata kundi tu kwa kuogopa kuitwa mwoga?

Mwonevu peke yake hawezi kitu. Anahitaji mmoja wa kushika mlango, mwingine wa kucheka, na bweni zima lijifanye limelala. WEWE NI YUPI? Najua unachosema moyoni: "Mimi sikumgusa." Ndiyo, hukumgusa. Ulivuta blanketi ukajifunika, na yeye alikuona ukijifunika.

Sikuambii urushe ngumi. Keti kitandani. Washa tochi. Sema, "Mwacheni." Mwambie rafiki yako mapema aketi pamoja nawe, maana sauti moja hunyamazishwa upesi, lakini tatu zinasumbua. Asubuhi nendeni pamoja kwa mwalimu mnayemwamini. Watawaita wasaliti, lakini mmemsaliti nani, yule mtoto?

Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kuteswa, mwilini au akilini. Mwalimu akipuuza, namba 116 husikiliza matatizo ya watoto, na kupiga ni bure. Najua shuleni simu hamruhusiwi. Basi mweleze mzazi siku ya kutembelewa, umtajie siku, saa na majina, naye apige akiwa bado pale langoni.