Kiungo Kisichohisi Maumivu



Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, katika Suratu Dhaariyat, aya ya 21, Allah (s.w.t.) anatuelekeza tuzitazame nafsi zetu, kwani humo zimo ishara. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, ya maabara siyajui. Lakini ninayeishi naye chumba kimoja anasomea udaktari, na alipokuwa akijiandaa na mtihani wa tishu ya neva alinifanya mwanafunzi wake, anifundishe ili naye akumbuke.

Tishu hii ina makundi mawili ya seli. La kwanza ni nyuroni, zinazopokea na kupeleka habari. Kila moja ina kiwiliwili chenye kiini, dendraiti zilizotawanyika kama matawi ili kupokea habari, na kwa kawaida aksoni moja ya kuipeleka mbele. Ubongo wa mtu mzima una nyuroni zipatazo bilioni 86. Subhanallah!

La pili ni glia. Rudolf Virchow wa Ujerumani, aliyezipa jina hilo katika karne ya 19, alizichukulia kama gundi tu ya kushikilia nyuroni. Leo inajulikana kwamba nyuroni haziwezi kufanya kazi bila hizo. Astrosaiti husaidia kuzilisha. Maikroglia hupambana na vijidudu na kusafisha mabaki. Oligodendrosaiti, ndani ya ubongo na uti wa mgongo, na seli za Schwann, nje yake, huzizungushia aksoni utando wa mafuta uitwao mayelini. Kwa utando huo habari huweza kukimbia mita 100 kwa sekunde. Pasipo nao hutambaa mita 2 au pungufu.

Nikamuuliza, je, seli za Schwann zikiharibika? Akanitolea mfano wa ukoma. Bakteria wake huingia katika seli hizo, neva zikaharibika, mkono ukafa ganzi. Mgonjwa hushika sufuria ya moto asihisi. Vidole havipotei kwa kuliwa na ugonjwa, bali kwa majeraha ambayo mwenyewe hakuyajua.

Nilinyamaza. Nilikumbuka hadithi ya Nu'man bin Bashir (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (s.a.w.) anawafananisha waumini na mwili mmoja: kiungo kimoja kikiugua, mwili wote hukesha na kupata homa. Nimeihifadhi kwa Kiarabu, na nimeitolea darsa mara mbili.

Kisha nikamkumbuka ndugu yetu mmoja wa mwaka wa pili. Mimi ndiye ninayeshika daftari la mahudhurio ya darsa. Wiki tano niliandika "hayupo" mbele ya jina lake, na sikumpigia simu hata mara moja. Baadaye tulisikia kwamba alishindwa kulipa ada, akawa anashinda na njaa, mwishowe akarudi kwao. Huyu tulikuwa tukiswali naye safu moja, bega kwa bega. Kidole kiliungua na mkono haukuhisi.

Ndugu zangu, wengi wetu tunapenda kuwa nyuroni: khatibu, amiri, msemaji. Ni wachache wanaopenda kuwa glia, wale wanaopeleka uji kwa mgonjwa hosteli na kuuliza, "Fulani yuko wapi?" Tukiwakosa hao, khutba zetu zitakuwa habari zisizofika popote.

Nimempigia simu wiki iliyopita. Aliniambia, "Nilidhani mmenisahau." Sikuwa na jibu ila kumwomba msamaha. Sasa naomba tukubaliane: atakayekosa darsa mara mbili afuatwe chumbani kwake, si kuhojiwa bali kujuliwa hali. Na sanduku letu la sadaka litenge fungu la wenzetu waliokwama, bila kutangaza majina yao.

Ukoma una tiba, na ukiwahiwa neva huokolewa. Ganzi ya nyoyo zetu nayo tuiwahi.

Ewe Mola wetu, tusamehe tulipoghafilika, zilainishe nyoyo zetu, na umfungulie ndugu yetu mlango wa kurudi masomoni. Amin.

Wabillahi tawfiq.