Kitabu Kimoja Mara Nne

David Livingstone aliandika kwamba alipokuwa Manyema, ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika, aliisoma Biblia nzima mara nne. Wanaoisimulia habari hiyo huitaja kama sifa: mtu mgonjwa, miguu ina vidonda, miezi inapita, naye hakiachi kitabu chake. Sina shaka kwamba ni kweli. Shaka yangu ni kama ni sifa. Alikuwa na nini kingine cha kusoma? Kufikia mwaka 1871 hata karatasi zilikuwa zimemwishia, akawa anaandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti la Standard la London, mistari yake ikikatiza ile ya chapa, kwa wino alioupata kwenye mbegu za mmea. Mtu aliyefika hapo akirudia kitabu, amechagua au amekwama?

Swali hilo linanigusa kwa sababu hapa Kibirizi, Kigoma, msomaji ni mtu wa kurudia. Mwaloni utapata nyavu, taa za kuvulia, dagaa kwa debe na kwa gunia, riwaya hupati. Vitabu vyangu vyote vinaingia kwenye sanduku la bati na bado pana nafasi ya shuka. Nakala yangu ya Kusadikika haina jalada tena, na kona za kurasa zimekolea rangi ya mawese, maana nimezoea kuisoma huku nakula. Ndiyo huwa nayo mkononi ninaposubiri boti ya kwenda Mwamgongo, ambayo haing'oki mpaka mzigo upangwe, na kupanga mzigo kuna wenyewe. Siku moja mzee mmoja mwenye boti aliniuliza:

"Mwalimu, hicho kitabu hakiishi?"

"Nilishakimaliza, mzee wangu. Nakirudia."

"Unarudia nini, na maneno ni yaleyale?"

Mzee hakujua kwamba ameuliza swali la Sokrate. Katika mazungumzo ya Phaedrus, Plato anamwonyesha Sokrate akiyalaumu maandishi kwa kosa hilohilo: unayadhania yana akili, lakini ukiyauliza yanakujibu jibu moja siku zote. Kama ndivyo, anayerudia kitabu anapoteza muda, au anajifariji tu kwa sauti aliyoizoea.

Lakini angalia kilichonipata kwa Shaaban Robert. Kusadikika, kitabu chake cha 1951, kinamsimulia Karama, anayeshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka watu wafundishwe uanasheria. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita: kila mmoja alitumwa nchi ya mbali, akapata taabu, akarudi na jambo jema, akatiwa gerezani. Shuleni safari ya nne ilinichosha, nikaruka kurasa mpaka hukumu. Miaka baadaye, nikiwa nimeshaketi kwenye mabaraza kadhaa ya kusuluhisha kesi za mipaka, nilikisoma tena nikaona kwamba kile kilichonichosha ndicho utetezi wenyewe. Mshtakiwa mwenye shahidi mmoja anaambiwa ni bahati mbaya. Mashahidi sita wanaosema jambo moja wanaonyesha kwamba nchi ina tabia. Nikakirudia tena, na safari hii nikamkasirikia mwandishi: mfalme anawaachia wafungwa kwa wepesi mno. Serikali iliyokwisha kuwafunga watu sita haiachi mwenendo wake kwa kusikia hotuba nzuri.

Maneno yalikuwa yaleyale, kama alivyosema mzee. Aliyebadilika ni muulizaji, na Sokrate hakumhesabu huyo. Jibu moja likipewa maswali matatu tofauti huwa majibu matatu.

Isidhaniwe kwamba kila kitabu kinastahili heshima hii. Riwaya za Elvis Musiba nilizisoma kwa raha kubwa na sizirudii. Ukishajua mpelelezi wake Willy Gamba kapona, basi. Nagona ya Kezilahabi, ya mwaka 1990, ni nyembamba na nimeirudia, bado sehemu kubwa inaniponyoka. Siku hizi nawashuku kidogo wanaoisifu haraka. Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 2022 katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis, nimeisoma mara moja tu, lakini najua nitairudia, kwa sababu msafara wake unatoka pwani kuja bara, nami nilikuwa nikiusoma nimekaa bara kwenyewe, nikiuona unakuja.

Hata shajara ile ya Livingstone ilingojea msomaji wake wa pili. Ilipochapishwa mwaka 1874, baada ya kifo chake, watu walisoma maandishi aliyokuwa ameyanakili na kuyapanga upya mwenyewe, yakahaririwa tena na rafiki yake Horace Waller. Kurasa za gazeti zenyewe zilikuwa zimefifia hata hazisomeki. Ni mwaka 2011 ambapo wataalamu, kwa kupiga picha chini ya mianga ya aina mbalimbali, waliutenga wino na chapa, na ikaonekana kwamba simulizi ya mauaji ya sokoni Nyangwe, ya Julai 1871, haikuwa sawa kila mahali na ile iliyozoeleka. Waliorudi kusoma walikuwa na vyombo, muda na maktaba. Hakuna aliyewalazimisha kurudi.

Hapo ndipo natengana na wanaousifu uhaba. Mwanafalsafa Seneca alimshauri rafiki yake Lucilius asitangetange kwenye vitabu vingi, bali ashike vichache vilivyo bora. Ushauri mzuri, lakini Seneca alikuwa miongoni mwa matajiri wa Roma, na mwenye vingi ndiye anayeweza kuchagua vichache. Livingstone aliporudi Ujiji Oktoba 1871 alikuta bidhaa zake zimeuzwa zote. Stanley, mwanahabari aliyetumwa kumtafuta, alipofika siku chache baadaye na mfuko wa barua, anasimulia kwamba Livingstone alisoma barua moja au mbili za watoto wake, kisha akataka kwanza habari za dunia. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa tangu 1869, naye ndiyo kwanza anaambiwa. Kurudia Biblia mara nne hakukumshibisha njaa hiyo, wala sioni kwa nini tutarajie kwamba kungemshibisha.

Wala muda mtupu hauzai wasomaji. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wazaliane, vijana wengi hapa walikaa bila kazi. Sikumwona aliyefungua kitabu kwa sababu hiyo. Walishona nyavu, walitafuta vibarua, walibishana mpira. Na hata angetaka, angefungua kitabu gani?

Sasa simu yangu ina vitabu vingi kuliko sanduku, na bado narudi kwa Karama. Leo nathubutu kusema nimemchagua. Zamani nilikuwa nimekwama naye tu, ingawa ni kukwama huko kulikonifundisha njia ya kurudi. Deni hilo nalikubali bila kumtakia mtoto yeyote wa Kibirizi alilipe kwa namna hiyohiyo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na vitabu vya kutuletea huku Kigoma, usituletee katoni za vitabu vya kiada vya lugha ya kigeni vilivyopitwa na mtaala, kisha ukatusifu kwa kuvisoma hadi vikachanika. Leta vya Kiswahili, leta vingi, hata vya upelelezi. Cha kurudia tutakichagua wenyewe.