Uaminifu wa Kazi Isiyoonekana

Kazi za mikono ni za namna mbili. Ziko kazi ambazo mwenye mali huzitazama zote kabla ya kulipa, na ziko kazi ambazo hufungwa ndani ya kitu zisionekane tena. Mshonaji hukabidhi nguo, na mvaaji huigeuza ndani na nje akakagua kila mshono. Mwashi hufukia msingi, na fundi wa magari hufunika injini. Mwenye nyumba na mwenye gari hupokea kitu kizima ambacho moyo wake hawajauona. Katika kazi za namna hii ya pili huzaliwa swali la zamani: fundi ana wajibu gani kwa kitu ambacho hapana jicho litakalokifikia? Swali hili husomwa vyuoni katika vitabu vya maadili, lakini hujibiwa kila siku katika karakana, na watu wenye mikono iliyojaa oili.

Na achukuliwe kwa mfano fundi mmoja wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu uliozaliwa mwaka 2012, sehemu yake kubwa ikimegwa kutoka Mkoa wa Shinyanga. Fundi huyu ni wa mfano tu, ingawa wenziwe ni wengi. Kazi yake ya mchana ni injini za mabasi madogo, za malori yachukuayo pamba, na za mashine zisagazo nafaka vijijini. Hizo ndizo zimlishazo. Lakini nyuma ya karakana yake liko gari dogo kuukuu ambalo yeye na rafiki zake wanalitengeneza kwa ajili ya mashindano ya watu wasiolipwa, wapendao mwendo kwa mwendo. Jioni, kazi ya mkate ikiisha, huanza kazi ya furaha. Ajabu ni kuwa kazi ya furaha ndiyo ifanywayo kwa vipimo vikali zaidi, na katika ajabu hiyo swali lake limejificha.

Kuijenga injini upya ni kazi ya kupima. Fundi huvua silinda hedi, huchomoa pistoni, hutoa krenkishafti, huosha kila kipande kwa mafuta ya taa na kukipanga mezani kwa utaratibu wa kilivyotoka. Silinda iliyolika upande mmoja huchongwa ikawa mviringo tena, na pistoni pana zaidi hutafutwa ziilingane. Baina ya krenkishafti na beringi zake huachwa nafasi ya sehemu chache za mia za milimita, nyembamba kuliko unywele, ili utando wa oili upite na chuma kisiguse chuma. Ringi ya pistoni imekatwa mahali pamoja, na ncha zake mbili huachiwa mwanya. Katika silinda yenye upana wa milimita 80, mwanya huo huwa karibu milimita 0.3. Ukizidi, hewa iliyogandamizwa hupenya na nguvu ikapotea. Ukipungua, joto huirefusha ringi, ncha zake zikagongana, ikachubua ukuta wa silinda au ikavunjika. Bolti za silinda hedi hukazwa kwa zamu, kutoka katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, mpaka kipimo chake. Haya yote hutangulia kufunikwa kwa injini. Ikisha kufunikwa, hapana atazamaye kwa nje awezaye kusema kama yalipimwa au yalikisiwa.

Mashindano huongeza tamaa juu ya vipimo. Bariadi imeinuka juu ya bahari. Hata uso wa Ziwa Victoria, ulio chini yake, una kimo cha karibu mita 1,134. Hewa ya kimo hicho ni nyepesi, na injini isiyo na chombo cha kuisukumia hewa hupoteza karibu moja ya kumi ya nguvu iliyokuwa nayo pwani. Kabureta iliyosawazishwa Dar es Salaam humimina petroli nyingi mno kwa hewa hiyo, plagi zikashika masizi, na fundi hana budi kuisawazisha upya. Akitaka nguvu zaidi, hupunguza uso wa silinda hedi ili petroli na hewa zigandamizwe katika nafasi ndogo. Hapo hukutana na mpaka. Petroli isiyo na daraja la kutosha ikigandamizwa kupita kiasi hulipuka pasipo utaratibu, injini ikagonga, na pistoni huweza kutoboka. Nguvu haiji bure: sehemu ya kile kiongezwacho katika mwendo hutolewa katika umri wa injini. Fundi mwema humwonyesha dereva deni hilo kabla hawajalikopa pamoja.

Deni hilo si la fedha tu. Krenkishafti ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila pistoni hupanda na kushuka mara 100 katika sekunde moja, na kila ifikapo juu au chini husimama na kugeuka. Konirodi, yaani mkono uishikao pistoni, huvutwa na kusukumwa kwa kiasi hicho hicho. Bolti yake iliyokazwa kwa kukisia huweza kuvumilia safari za sokoni kwa miaka. Katika mwendo wa mashindano hukatika, konirodi ikatoboa ubavu wa injini, oili ikamwagika mbele ya matairi, na mtu aliyeshika usukani akalipa kosa ambalo hakulifanya. Kwa hiyo mashindano ni hakimu mwepesi. Hufichua kwa saa moja yale ambayo kazi ya kila siku ingeyasitiri mwaka mzima.

Historia ya Afrika Mashariki inao ushahidi. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na katika miaka yake ya awali yalipita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika, katika njia za vumbi na matope. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, akiwa na ndugu yake Jaswant, katika Volvo PV544. Gari hilo halikuwa jipya. Lilikwisha kutumiwa na timu ya kiwanda kabla ya kuingia mikononi mwao. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, na alijua kilichokuwamo ndani ya kile alichokiendesha. Alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976, katika Mitsubishi Colt Lancer. Watu hushangilia mwendo, nao mwendo umekaa juu ya bolti ambazo hapana aliyezishangilia zilipokuwa zikikazwa.

Wasukuma, wenyeji wa Bariadi, wanayajua mashindano tangu zamani. Baada ya mavuno, makundi ya ngoma ya Wagika na Wagalu hushindana, kila kundi likicheza upande wake, na kundi livutalo watazamaji wengi zaidi ndilo lishindalo. Masimulizi huyarudisha makundi hayo kwa waganga wawili, Ngika na Gumha, na dawa imehesabiwa kuwa sehemu ya maandalizi sawa na mazoezi. Hakimu wa ngoma ni umati, na umati una moyo: huvutwa na sauti, na pambo, na kichekesho. Hapana aibu katika hilo, kwa kuwa ngoma imekusudiwa kuvuta mioyo. Lakini injini haina moyo wa kuvutwa. Haisikii sifa, haijali jina la fundi, na haina msamaha kwa bolti iliyosahauliwa. Mbele ya hakimu wa namna hii, fundi wa Bariadi hupima mara mbili, na akiona shaka hupima mara ya tatu.

Je, kwa sababu hiyo fundi huyu aitwe mwaminifu? Bado haijulikani. Mtu aliyeacha kuiba kwa kuwa mlinzi yu macho amethibitisha ukali wa mlinzi tu. Gari la mashindano lina mlinzi wake, nao ni mwendo. Fundi akidanganya, yeye mwenyewe ataaibika mbele ya rafiki zake, au atamzika mmoja wao. Uangalifu wake kwa gari hilo unaweza kuwa wema, unaweza kuwa hofu, na unaweza kuwa majivuno. Kwa kuutazama wenyewe, vitatu hivyo havipambanuki.

Hupambanuka siku mjane wa kijiji cha Itilima aletapo injini ya mashine yake ya kusaga. Injini hiyo ya dizeli huzunguka polepole na huvumilia mengi. Mwenyewe hajui ringi wala beringi. Ajuacho ni kuwa mashine haina nguvu, na kuwa wanawake wa kijiji chake sasa huchukua mahindi kichwani kwenda kusaga mbali. Amelipia ringi mpya. Fundi akizisafisha zile za zamani, akazirudisha na kuifunika injini, itawaka. Itasaga kwa miezi kadhaa. Itakapoanza kula oili na kutoa moshi wa buluu, atamwambia yule mama kuwa oili aliyonunua ilikuwa mbaya, au kuwa kijana wake hakuitunza mashine, naye mama ataamini na kumkemea kijana asiye na hatia. Hapana mwendo utakaoshuhudia. Udhalimu umekamilika, na mdhulumiwa ameshukuru.

Yamkini mtu atasema kuwa kufananisha injini hizi mbili ni kuonea: mashine ya kusaga haihitaji unyoofu wa gari la mashindano, na mjane hawezi kulipia saa nyingi za kazi. Hoja hii ina haki yake. Vipimo hutofautiana kwa kadiri ya kazi, na fundi aitiliaye mashine ya kijiji gharama za mashindano humdhulumu mwenyewe kwa njia nyingine. Lakini kisichotofautiana ni ukweli wa neno. Kama ringi za zamani zinafaa kwa mwaka mmoja zaidi, na aambiwe hivyo, na fedha yake irudishwe, achague mwenyewe. Uaminifu haudai kila injini iwe bora kabisa. Wadai kuwa kilichomo ndani kiwe ndicho kilichosemwa nje.

Nchi ya pamba inayo kumbukumbu ya jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma walilalamikia mizani ya wanunuzi wa pamba. Mkulima alileta jasho la mwaka mzima, mwingine akasoma uzito, naye akapokea fedha kwa hesabu asiyoweza kuihakikisha. Wakulima walijikusanya, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wao, wakaweka watu wao wa kuangalia mizani, wakaunda vyama vya ushirika. Na mwaka 1955 vyama hivyo viliungana kuwa shirikisho moja la Victoria. Dawa waliyoitumia ilikuwa jicho la pili, na ilikuwa dawa nzuri. Mizani hukaa wazi, watu wawili wakaweza kuisoma pamoja.

Injini haikai wazi. Haiwezekani kumweka mwangalizi ndani ya kila silinda, wala kuipeleka kila mashine ya kijiji katika mashindano ili iseme kweli yake. Tena zamu imebadilika. Mjukuu wa mkulima aliyedai mizani ya haki huenda leo ndiye fundi, na kipimo kimo mkononi mwake. Aliye mbele yake, asiyeweza kuhakikisha hesabu, ni yule mama wa Itilima, amesimama pale alipokuwa amesimama babu wa fundi na marobota yake. Kama madai ya babu yalikuwa ya haki kweli, na si ya faida yake tu, basi yanamdai mjukuu sasa.

Hapa thamani ya kazi ya furaha huonekana. Gari la mashindano haliwezi kumfanya fundi awe mwaminifu, lakini limeufundisha mkono wake jinsi kazi ya kweli ilivyo. Hawezi tena kujitetea kuwa hakujua. Kila usiku alioutumia nyuma ya karakana umemwondolea udhuru mmoja.

Jua limekuchwa, na gari la mashindano limefunikwa turubai. Mezani iko injini ya mashine ya kusaga, imefunguliwa. Kando yake ziko ringi mpya katika karatasi yake, na ringi za zamani, zimesafishwa mpaka zinang'aa. Mwenye mali yuko kijijini, na huenda amekwisha kulala. Fundi hufungua karatasi, huingiza ringi mpya katika silinda, huinama karibu na taa, na kupima mwanya wake kwa uangalifu ule ule wa jana.