Je, Asiyeombwa Ana Hatia?

Liko neno ambalo watu hupenda kujikinga nalo: "Mimi sikuombwa." Mwenye haja hakubisha mlangoni pangu, basi sikumnyima kitu. Nataka tulipime neno hilo kwa habari ya wazee na joto kali.

Mwezi wa Agosti, 2003, joto kubwa liliishika nchi ya Ufaransa. Katika mji wa Paris lilikaribia digrii 40 mchana, wala usiku haukuleta nafuu. Watu wapata 15,000 walikufa kupita hesabu ya kawaida ya siku zile, nao walio wengi walikuwa wazee. Wengine walikaa peke yao katika vyumba vya juu kabisa, chini ya mapaa ya bati, na Agosti ndio mwezi ambao wenyeji wengi huondoka mjini kwenda kupumzika. Mwanzo wa Septemba maiti 57 zisizodaiwa na jamaa zilizikwa Thiais, karibu na Paris, na Rais Jacques Chirac mwenyewe akahudhuria.

Ni nani aliyewanyima maji? Hakuna. Hilo ndilo linisumbualo. Jirani wa chumba cha pili angeweza kuapa ya kuwa hakumkatalia mtu, nayo ingekuwa kweli.

Lakini waganga wa hospitali hutufundisha ya kuwa mtu akizeeka kiu yake hupungua, wala haja ya maji haipungui. Jasho lake ni haba, moyo huchoka upesi, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu huzidi kuondoa maji mwilini. Joto likimzidi, akili huchafuka, asijue tena ya kuwa anaumwa. Basi ukingoja akuombe, wangoja sauti ambayo mwili wake umekwisha kuipoteza.

Mwaka 2004 Wafaransa waliweka sheria: kila mji uwe na daftari ya wazee wakaao peke yao, ili watafutwe siku za joto. Ni jambo jema. Ila kwa sheria ile ya 2004 jina halikuandikwa mpaka mzee mwenyewe aombe, au mtu mwingine amwombee.

Nisiwahukumu walio mbali. Februari moja, katika usharika wetu wa pwani, nalipita kwa mama mmoja mzee. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." "Hali yako?" "Njema." Nami nalikuwa na haraka, nikageuka kwenda zangu, hakika nalijiona nimetimiza heshima yote. Mjukuu wake akanifuata akasema, "Bibi hajanywa kitu tangu asubuhi." Nikaingia. Chini ya bati mlikuwa kama tanuru, na mtungi umejaa kando ya kitanda. Nikamwuliza sababu. Akanena kwa haya, "Nikinywa itanipasa kuomba nipelekwe chooni, nao wana kazi zao."

Tukamtoa chini ya mwembe, tukamfuta kwa kitambaa chenye maji, akanywa kidogo kidogo. Siku ya pili nalirudi. Mtungi ulikuwa umejaa vile vile, naye akaniambia hali yake ni njema. Nikavuta kigoda nikaketi.